Beki wa Jezi Mbili

Nilipokuwa mwalimu mkuu nilikuwa na kabati limejaa mipira ya watoto. Kengele ikishalia, mpira utakaoonekana uwanjani unalala ofisini kwangu. Nikiwaambia kwamba mpira haujamjengea mtu nyumba.

Aliyenitia shaka na kauli hiyo ni Nadir Haroub Ali, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1982. Wengi humwita Cannavaro tu, kwa kufananishwa na beki wa Italia aliyenyanyua Kombe la Dunia mwaka 2006. Alivuka bahari akachezea Yanga, na mwaka 2009 akafika Vancouver, Kanada, katika klabu ya Whitecaps. Hakukaa sana. Akarudi Yanga, akaendelea kulinda lango lake hadi alipotundika daluga mwaka 2018.

Watu husimulia Kanada. Mimi naona safari ngumu zaidi ilikuwa ile fupi, baina ya jezi mbili. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na uanachama wa CAF tuliopewa Machi 2017 ulifutwa Julai mwaka huo huo. Kwa hiyo kijana wa Unguja anayetaka Kombe la Dunia huvaa jezi ya Taifa Stars. Ikija michuano ya CECAFA, huvaa ya Zanzibar Heroes. Mwaka 2012 kule Kampala, Zanzibar iliishinda Tanzania Bara kwa penalti ikashika nafasi ya tatu. Sisi wazee wa barazani, Mji Mkongwe, tulishangilia mpaka kahawa ikapoa. Lakini yeye alikuwa akicheza dhidi ya wenzake wa Taifa Stars.

Taifa Stars nayo alikuja kuwa nahodha wake. Januari 2016 Mbwana Samatta alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani humu, na unahodha akapewa yeye. Nadir akatangaza kustaafu timu ya taifa. Wapo waliosema amesusa. Sikuwamo katika kundi hilo. Aliyepokea funguo za skuli kwangu nilimfundisha mimi mwenyewe, chuo cha ualimu, kuandika andalio la somo. Anastahiki, na nilitabasamu mbele za watu. Usiku ule sikula.

Kabati nalo nilimkabidhi kama lilivyo. Sikumbuki kuwa nilimrejeshea mtoto hata mmoja mpira wake.