Maisha chini ya Usultani wa Zanzibar

Usultani wa Zanzibar ulikuwa ufalme wa ukoo wa Al Busaidi wenye asili ya Oman. Ulipinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Hali ya maisha kabla ya siku hiyo ingali inabishaniwa: wapo wanaoisifu kuwa enzi ya neema na ustaarabu, na wapo wasemao ilikuwa ya utumwa mpaka mwisho. Wote huchanganya miaka.

Utumwa ulikuwapo kweli, na mikarafuu ya karne ya 19 ilistawi kwa jasho la watumwa. Sultani Barghash alifunga soko lao mwaka 1873, na mwaka 1897 hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Uingereza tangu 1890. Khalifa bin Haroub alikaa kitini kuanzia 1911 hadi 1960, lakini hazina na utawala vilikuwa mikononi mwa Waingereza. Kumtwisha sultani dhiki zote za miaka ya 1950 ni kumsamehe mkoloni bure.

Kipimo bora ni shamba. Unguja, maskwota, wengi wao wazao wa watumwa na wahamiaji kutoka bara, walilima muhogo na kunde chini ya mikarafuu ya mwenye shamba. Jembe lao lilimpalilia miti, na hiyo ndiyo ilikuwa kodi. Kupanda mnazi au mkarafuu walikatazwa, maana mti humpa haki aliyeupanda. Baada ya uchaguzi wa 1957, uhasama wa vyama ulipopamba moto, baadhi yao walifukuzwa mashambani. Pemba mambo yalikuwa mbali: wenyeji wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, na chuki ya kitabaka haikushika mizizi vile.

Ushahidi nao umeelemea ikulu. Salma binti Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake za kasri mwaka 1886. Mchuma karafuu aliyelipwa kwa pishi hakuacha kitabu. Nyimbo za Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, zinasikika karibu zaidi na uchochoroni, kwani zilithubutu kuisema hata mahakama.

Katika uchaguzi wa Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Uhuru wa tarehe 10 Desemba ukakabidhiwa serikali ya wapinzani wake, Jamshid akiwa sultani. Mwezi mmoja baadaye alikuwa uhamishoni. Mashamba yakataifishwa, na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu.