Neno “Raia”
Neno raia tumelirithi kwa Waarabu, ambao kwao asili yake ni kundi lichungwalo, na raii, yaani mchungaji, ndiye mwenye dhamana ya kulilisha na kulihifadhi. Basi tarehe 25 Juni 2024, Wabunge 195 wa Kenya walipoupitisha Mswada wa Fedha dhidi ya 106 walioupinga, na vijana, kutoka vitongoji vya magharibi kama Kawangware hadi katikati ya Nairobi, wakaghadhibika hata wengine wakaingia Bungeni na baadhi yao wakauawa kwa risasi, aliyehini amana hakuwa kundi, bali mchungaji. Kesho yake Rais Ruto alikataa kuutia sahihi mswada huo. Enyi watawala, raia hachungwi kwa risasi, husikilizwa.