Nianzie wapi? Kitabu kilichofika Mpanda ndani ya flashi

Juma lililopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliniandikia kutoka Inyonga: "Shikamoo kaka. Nataka kujifunza kuandika programu za kompyuta, nianzie wapi?" Nikajibu marahaba, halafu nikakwama. Nilipomaliza kidato cha nne hapa Mpanda niliuliza swali hilo hilo, na majibu niliyopewa yalimaliza vocha zangu zote bila kunifundisha kitu. Basi wadau, leo siasa zipumzike. Nina historia kidogo, halafu jibu la mdogo wangu.

Wengi wa rika langu wanadhani kompyuta ilikuja Tanzania na intaneti kafe. Ya kwanza iliingia 1965, ICT 1500 ya Waingereza, ikawekwa Wizara ya Fedha. Hesabu za serikali zikapelekwa kwenye mashine na baada ya muda zikavurugika vibaya. Waliozielewa mashine zenyewe walikuwa wageni kwa sehemu kubwa, na kila kipuri kilidai fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Mwaka 1974, nchi ikiwa na kompyuta saba tu, serikali ikapiga marufuku kuziingiza, pamoja na televisheni. Mwaka huo huo Katavi ikawa hifadhi ya taifa. Yaani viboko wetu walipata hadhi, kompyuta ikapata kifungo! Kamba ililegezwa kidogo kidogo miaka ya 80 na mwanzoni mwa miaka ya 90.

Watu huicheka marufuku ile. Mimi siicheki sana. Ninavyoona mimi, tulinunua mashine kabla ya kuwa na watu wa kutosha wa kuifundisha na kuifundishwa, na kuzuia mashine hakukuleta walimu. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposaidia kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili (kazi ninayoiheshimu sana), ilikuwa msaada kwa anayetumia kompyuta. Anayetaka kuiandikia amri alibaki anahitaji kitabu.

Kitabu ninachokijua mimi kina historia yake. Januari 1999 mwalimu mmoja wa chuo Marekani, Allen Downey, alikuwa anajiandaa kufundisha wanaoanza. Walikuwa wanafeli mno, na aliona kosa mojawapo ni vitabu: vinene, vimejaa mambo madogo madogo, na hakuna anayevisoma. Zikiwa zimebaki wiki mbili masomo yaanze, akakaa akaandika cha kwake, sura moja kwa siku, siku 13. Kisha akakitoa bure kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kukinakili na hata kukibadilisha. Mwalimu wa sekondari kule Virginia, Jeff Elkner, akakichukua akakigeuza kutoka lugha ya Java kwenda Python. Leseni ilisharuhusu, hakuhitaji kusubiri mtu. Downey naye akaipenda Python, na baada ya marekebisho ya miaka kitabu kikawa Think Python.

Mimi nilikipata chuoni, mwaka wa kwanza, kwenye flashi ya mwenzangu wa bweni. Likizo nikapanda nacho treni mpaka Mpanda, kwenye reli ile ya kutoka Kaliua iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Mgodi ulikufa, reli ikabaki inatubeba sisi. Nyumbani nilisoma kwa kompyuta ya kuazima, umeme ukikatika naandika kwa kalamu kwenye daftari, ukirudi najaribu nilichoandika. Makosa kumi katika mistari sita! Lakini nilikuwa najua kosa liko wapi, na hilo kabla ya hapo sikuwahi kulijua.

Kwa hiyo nimemjibu mdogo wangu hivi. Masomo ya CS50 ya Harvard ya Profesa David Malan ni mazuri na yapo bure, ila ni video ndefu, bando litakufa kabla hujaelewa. Pakua Think Python mara moja. Faili lake ni dogo kuliko wimbo mmoja wa Bongo Fleva. Weka Python kwenye simu kama kompyuta hakuna. Soma ukurasa, uuandike mwenyewe, uuharibu kwa makusudi uone inalalamika nini. Kiingereza kitakusumbua, weka kamusi karibu. Na usiwe na vitabu vitatu kwa mpigo, mimi nilikuwa navyo vitano na sikumaliza hata kimoja.

Jana usiku kaandika tena. Yuko sura ya tatu, ya fanksheni, na haelewi kwa nini unaitengeneza halafu haifanyi kitu mpaka uiite kwa jina. Leo jioni nampigia.