Kalamu, Ukanda na Simulizi za Nzaui: Kinasa Sauti cha Studio katika Historia ya Fasihi Simulizi

Katika mapokeo ya Wakamba, Mulungu aliwadondosha mume na mke kutoka mawinguni juu ya mlima Nzaui, pamoja na mifugo yao, na nyayo zao zikabaki jabalini. Mlima huo uko katika Makueni, na soko la Kalamba limo katika eneo hilohilo. Msomaji wa mbali ameyapata mapokeo hayo kwa njia moja tu, nayo ni kalamu. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyefika Ukambani mwaka 1911, aliyaandika katika kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba, na waliomfuata wakayanukuu. Nusu karne baadaye, mwaka 1966, John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alichapisha mkusanyo wake wa hadithi za Wakamba kwa tafsiri ya Kiingereza. Kazi zote mbili ni za thamani. Lakini katika zote mbili msimulizi hasikiki.

Upungufu huo si mdogo mintarafu ya lugha kama Kikamba. Kikamba kina irabu 7, tofauti ya irabu fupi na ndefu hubadili maana, tena ni lugha ya toni. Tahajia ya kawaida haionyeshi toni. Whiteley na Muli, waliotoa kitabu cha kufundishia lugha hiyo mwaka 1962, walikuwa na masikio mazuri, lakini sikio huchoka, na msemaji anayeombwa arudie neno mara ya kumi huanza kulitamka kama mtu asomaye. Wano, yaani hadithi ya Kikamba, huwa na wimbo ndani yake, na hapo ndipo toni ya lugha na sauti ya muziki hukutana. Mwandishi wa kalamu hawezi kuzinasa zote mbili kwa pamoja.

Chombo kilichoweza kufanya hivyo hakikubuniwa kwa ajili ya wanaisimu. Mwaka 1928 Fritz Pfleumer wa Ujerumani alipata hataza ya ukanda uliopakwa unga wa chuma, na mwaka 1935 kampuni ya AEG ilionyesha mashine yake ya Magnetophon huko Berlin. Mashine za mwanzo zilikuwa na mvumo mwingi. Kuanzia mwaka 1940, baada ya wahandisi Braunmühl na Weber kutumia mkondo wa masafa ya juu wakati wa kunasa, mvumo ulipungua sana. Vita vilipokwisha, Jack Mullin, askari wa Marekani, alipeleka kwao mashine mbili za aina hiyo, na mwaka 1948 kampuni ya Ampex ikaanza kuuza ya kwake. Katika muda wa miaka michache sahani za kunasia zikaondoka katika vituo vya redio.

Kinasa sauti cha studio ni chombo kizito. Magurudumu yake mawili hulala bapa mezani, la kushoto likitoa ukanda na la kulia likiupokea, na katikati ukanda hupita mbele ya vichwa vitatu: cha kufuta, cha kunasa na cha kusikilizia. Yafaa mpangilio huo ukumbukwe, kwa kuwa kichwa cha kufuta ndicho cha kwanza. Kila mara mashine inaponasa, hufuta kwanza kilichokuwapo. Kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde, gurudumu kubwa lenye ukanda wa mita 730 huchukua dakika 32 hivi. Sahani ya santuri ya zamani ilichukua dakika 3 au zaidi kidogo. Kwa mara ya kwanza hadithi ndefu iliweza kunaswa bila kukatizwa.

Walioifaidi kwanza hapa Afrika Mashariki walikuwa watangazaji. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika mwaka 1956, kisha Radio Tanzania mwaka 1965. Kwa miaka mingi bendi za dansi, NUTA Jazz mojawapo, zilirekodi nyimbo zao katika studio za redio hiyo, wapigaji wote wakipiga kwa pamoja. Nairobi nako, Sauti ya Kenya, iliyodumu kwa jina hilo kati ya 1964 na 1989, ilitangaza kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha kadhaa za wenyeji, Kikamba kikiwamo.

Hata hivyo studio ilikuwa na wembe wake. Ukanda hukatwa mshazari na kuungwa kwa gundi, na fundi hodari aliweza kuondoa kikohozi pasipo msikilizaji kutambua. Kwa mwendo uliotajwa, kimya cha sekunde mbili ni kipande cha ukanda cha sentimita 76 kinachoanguka sakafuni. Kwa mtangazaji mwenye kipindi cha dakika 15, kimya ni upotevu. Kwa mchambuzi wa simulizi, kimya ndicho kipimo cha mstari, na mwitikio wa wasikilizaji ni sehemu ya matini. Msimulizi aliyeketishwa peke yake mbele ya maikrofoni, katika chumba kisicho na mwangwi wala watoto wa kuitikia wimbo, tayari alikuwa amepunguziwa nusu ya hadithi yake hata kabla ya wembe kufika.

Kwa sababu hiyo watafiti waliinufaikia zaidi mashine ndogo ya kubebwa. Stefan Kudelski alitoa Nagra ya kwanza huko Uswisi mwaka 1951, na vinasa sauti vya betri vikaanza kufika vijijini. Gurudumu dogo la mita 183 lilitoa dakika 16 tu kwa mwendo wa sentimita 19, lakini zilikuwa dakika za uani, pamoja na kuku na mbwa wake. Tena ukanda ulionaswa kwa sentimita 19 ukichezwa kwa 9.5, sauti hushuka oktava moja na muda huongezeka maradufu. Urefu wa irabu ukapimika, na mpando wa toni uliobishaniwa ukaweza kusikilizwa mara hamsini bila kumchosha mzee.

Baada ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong kutoa hoja yao katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1968, fasihi simulizi ilipata nafasi katika mitaala. Hapo ndipo ulipozuka utaratibu unaostahili kulaumiwa. Ukanda ulihesabiwa kuwa ngazi ya kupandia kwenye kitabu. Baada ya kunukuliwa, kazi yake ilidhaniwa kwisha. Ilhali nakala iliyochapwa ni tafsiri ya ukanda, yenye maamuzi ya mnukuzi juu ya kila kituo na kila aya, na maamuzi hayo hayawezi kuhakikiwa ukanda usipokuwapo. Mhariri wa tenzi angeona aibu kuutupa mswada alioufanyia kazi.

Kanda zenyewe hazingoji. Gundi ya baadhi ya kanda za miaka ya 1970 na 1980 hufyonza unyevu wa hewa, ikalainika na kunata vichwani, na huhitaji kupashwa joto la nyuzi 50 na kitu kwa saa kadhaa ili ziweze kuchezwa. Kinyume chake, kanda alizonasa Hugh Tracey nchini Kenya mwaka 1950 zilidumu, kwa kuwa zilitunzwa mahali pamoja katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, na mwaka 2014 nakala zake ziliweza kurudishwa kwa Wakipsigis na jamii nyingine. Tofauti iko katika mtunzaji, na katika mashine iliyobaki ikifanya kazi. Ukanda haufunguki kwa macho kama kitabu. Asiye na kinasa sauti chenye mwendo na njia zilezile za kunasia ana gurudumu la plastiki tu. Kwa hiyo kwenye kasha la kila ukanda uliochukuliwa Kalamba au kwingineko, jina la msimulizi, kijiji na tarehe havitoshi. Hapana budi paandikwe pia mwendo wa mashine, idadi ya njia, na mahali palipokatwa.