Duka la Santuri Mbali na Reli

Bidhaa nyingi za nje zilizouzwa Kasongo, mji wetu wa Maniema mashariki mwa Kongo, ziliingia kwa njia mbili. Ya mashariki ndiyo kongwe: kutoka Ujiji, kuvuka Ziwa Tanganyika, kupita Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe. Ndiyo aliyoitumia Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyeifanya Kasongo makao yake katika miaka ya 1870, na ndiyo iliyotuachia Kiswahili, mpunga na Maulidi. Njia ya magharibi ilikuja na Wabelgiji baada ya afisa wao Dhanis kuuteka mji Aprili 1893: meli za mtoni, kisha reli ya Kindu hadi Kongolo, inayopita ng'ambo ya Lualaba. Santuri nazo zilifuata njia hizohizo. Ukitaka kujua kwa nini wazee wetu wanaimba nyimbo za Kinshasa na za Dar es Salaam katika arusi moja, anzia hapo.

Mimi nimelelewa na biashara hiyo. Mjomba wangu aliuza santuri Kabambare, baadaye Kasongo, katika chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Leo mimi najaza nyimbo kwenye simu za watu sokoni, na kila siku naona tulichopoteza.

Biashara yenyewe ilizaliwa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha kampuni ya Ngoma, na Wendo Kolosoy akarekodi huko "Marie-Louise" pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane. Kabla ya hapo Wendo alikuwa fundi mitambo kwenye meli za mto Kongo, kwa hiyo sauti yake ilijulikana bandarini kabla haijaingia dukani. Baada ya Ngoma zikaja Opika, Loningisa na Esengo. Baadhi ya wenye kampuni hizi walikuwa wafanyabiashara wa bidhaa kabla ya kuwa wauza nyimbo, ndiyo maana santuri zilisafiri kwenye makreti yaleyale ya vitenge, sabuni na sukari. Kutoka kusini ukaja muziki wa lugha yetu: mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco na gitaa lake huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, na wimbo wake "Masanga" ukaenea mbali Afrika.

Mjomba aliingia katika kazi hii kwa mtaji mdogo. Hakuwa na wakala wala mkataba. Aliagiza kwa wasafiri wa treni, akawapa fedha na karatasi yenye majina ya okestra. Santuri za zamani, za mizunguko 78 kwa dakika, zilikuwa nzito na zikianguka zinavunjika vipande, na kutoka kituoni hadi Kasongo kulikuwa na mto wa kuvuka na barabara ya mashimo. Ndogo za mizunguko 45, za plastiki, ndizo zilizomwokoa. Hazikuvunjika, ila jua lilizipinda. Kila iliyofika aliinua usawa wa jicho, akaizungusha polepole kwa vidole viwili akishika kingo tu, akaangalia kama imelala sawa. Kisha aliifuta kwa kitambaa cha pamba, akaiweka, akashusha sindano.

Zama hizo okestra kama OK Jazz ya Franco na Afrisa ya Tabu Ley ziliugawa wimbo mara mbili: upande A maneno, upande B sebene, yaani sehemu ya magitaa ya kuchezea. Mjomba alikuwa na sheria yake. Upande A ulisikilizwa bure, hata mtoto wa shule aliruhusiwa kusimama mlangoni. Ukifika mwisho watu walipiga kelele, "Papa, geuza!" Naye alijibu, "Sebene iko nyumbani kwako, ukilipa." Wengi walionunua hawakuwa na mashine. Walibeba santuri hadi baa au kwa jirani mwenye betri, wakacheza huko, wakarudi nayo nyumbani wakiishika kwa mikono miwili.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire, maana nchi wakati huo iliitwa Zaire. Maduka ya Wagiriki na Wareno yakapata wenyewe wapya, na mengi yaliuza kilichokuwapo bila kuagiza kingine. Rafu zikabaki tupu. Chumba cha mjomba hakikufungwa, kwa sababu hakikuwahi kumtegemea mwenye duka kubwa. Hilo ndilo somo ninalolishika mpaka leo: katika mji ulio mbali na kiwanda, duka dogo la mtu anayejua anachouza linaishi kuliko ghala.

Njia ya mashariki nayo ilifanya kazi, safari hii kwa kutoka. Wanamuziki wetu walikwenda Nairobi na Dar es Salaam. Remmy Ongala, aliyezaliwa mwaka 1947 Kindu, hapa Maniema, alifika Dar mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Nyimbo nyingi zilibaki kwenye kanda za redio ya taifa. Albamu ya Remmy, "Songs for the Poor Man", ilitolewa Uingereza mwaka 1989 na Real World. Mtoto wa Maniema alitoa santuri yake Ulaya, na sisi Kasongo tulimsikia kwa kanda zilizonakiliwa, zikivuka ziwa kwa mashua na kupanda kwetu kwa baiskeli.

Kanda ziliua santuri. Halafu vita vya 1996 na 1998 vikamaliza kilichobaki: treni ilisimama, watu wakakimbilia msituni. Anayekimbia hubeba mtoto na sufuria, si santuri. Sanduku la mjomba lilibaki nyuma, na tuliporudi tulikuta jalada tu.

Sisi vijana wa kujaza simu tumerithi kazi hiyo, lakini tumeiacha nusu. Kila santuri ilikuwa na karatasi ya duara katikati, na juu yake jina la wimbo, la mtunzi na la okestra. Mjomba aliisoma kwa sauti kabla ya kushusha sindano, hata kwa mteja asiyejua kusoma. Leo naletewa kadi yenye nyimbo mia kadhaa, zote zimeandikwa namba tupu. Mteja anapenda sauti, hajui ya nani.

Nimeamua kutenga rafu moja katika kibanda changu kwa ajili ya santuri, na mashine ya kuzipigia. Wewe uliye Kasongo, Kabambare, Salamabila au Kibombo, kama baba yako aliacha santuri darini, usimpe mtoto achezee. Ilete tuisikilize, pande zote mbili. Kama hutaki kuiuza, tutanakili yale maneno ya katikati na utarudi nayo nyumbani. Nanyi wenzangu mnaojaza simu, andikeni jina la mtunzi kwenye kila wimbo mnaoutoa. Ni kazi ya dakika moja, na mtunzi anaidai.