Utunzaji wa mitungi ya gesi

Utunzaji wa mitungi ya gesi ni taratibu za kuhifadhi mitungi ya gesi ya kupikia ili kuzuia moto na mlipuko nyumbani, dukani au katika vyombo vya majini. Nchini Tanzania mitungi inayotumika zaidi majumbani ni ya kilo 6 na ya kilo 15.

Tabia ya gesi

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani ulioshindiliwa hadi kuwa kiowevu. Kiowevu hicho kikivuja hugeuka kuwa gesi yenye ujazo zaidi ya mara 200. Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara 1.5, na butani kwa mara 2. Kwa hiyo gesi haipandi darini kama moshi, bali hutuama sakafuni na uvunguni. Kwa asili haina harufu. Huongezewa kemikali yenye harufu kali ili uvujaji utambulike.

Nyumbani

Mtungi husimamishwa wima, mbali na jiko la mkaa, mahali ambapo hewa hupita hata karibu na sakafu. Dirisha la juu peke yake halitoshi. Mtungi uliokwisha hufungwa vilevile, kwa kuwa hubaki na gesi kidogo.

Katika sehemu za baridi, kama kata ya Sekei jijini Arusha, chini ya Mlima Meru, madirisha hufungwa sana mwezi Juni na Julai, hivyo gesi ikivuja haina pa kutokea. Baridi pia hupunguza mgandamizo ndani ya mtungi. Kuupasha mtungi kwa moto ili gesi itoke vizuri kunaweza kuupasua.

Katika boti

Boti ni kama beseni: gesi inayovuja hujikusanya chini, na cheche ya injini inaweza kuilipua. Kwa sababu hiyo mtungi hufungwa imara kwenye sitaha, au katika sanduku linalofunguka juu tu, lenye tundu chini la kutolea gesi nje ya chombo.

Gesi ikivuja

Uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Harufu ikisikika, moto wote huzimwa, mtungi hufungwa, milango na madirisha hufunguliwa. Swichi ya umeme haiguswi, iwe ni kuwasha au kuzima. Watu wote hutoka, kisha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa simu namba 114 wakiwa nje.