Ugenishaji: Istilahi kwa Msomaji Aliye Mwandishi

Wasomaji wa hadithi za ajabu ni wa namna mbili, na tofauti yao haimo katika vitabu wavisomavyo bali katika jambo walitafutalo humo. Wa kwanza hutaka kuchukuliwa: apae na majini au apande chombo cha anga, na akikifunga kitabu ajione amerudi kutoka safari njema. Wa pili, naye ndiye niliyemkusudia katika insha hii, ni yule ambaye mwenyewe hushika kalamu, na ambaye, hata akiwa amezama katika uhondo wa kisa, hana budi kujiuliza jambo hili la ajabu limeingia kwa mlango gani, kwa nini amelisadiki ilhali ajua kwamba halikupata kuwa, na ni mambo mangapi ya kawaida ambayo mtunzi ameyaacha mahali pake ili lile moja lipate kuonekana. Msomaji huyu wa pili hana neno la Kiswahili la kuitia kazi yake hiyo, na azma yangu ni kumpa moja.

Haja ya neno hilo naiona kila siku hapa Kansanga, kando ya barabara iendayo Ggaba, ambapo Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala kimewakusanya vijana wa Tanzania na wa Kenya, pamoja na wenzao wa nchi jirani na wenyeji wa Buganda. Wamo miongoni mwao waandikao, na aghalabu Kiswahili ndicho kiwaunganishacho. Lakini mazungumzo yakifika kwenye hadithi za kisayansi, wale wale waliokuwa wakitaniana kwa Kiswahili fasaha hugeukia Kiingereza, si kwa dharau, bali kwa sababu maneno ya ufundi huo wameyapokea kwa lugha hiyo tu. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo ni mambo ya heri. Ila istilahi za uandishi haziletwi na sheria, huletwa na waandishi wenyewe wanapozihitaji.

Asili ya dhana ninayoitafutia neno ni Urusi. Mwaka 1917 Viktor Shklovsky alichapisha makala juu ya sanaa kuwa ni mbinu, na humo akatunga neno ostranenie, kwa maana ya kukichukua kitu kilichozoeleka na kukionyesha kana kwamba kinaonekana leo kwa mara ya kwanza. Mazoea, kwa hoja yake, huyafumba macho: tunavijua vitu hata hatuvioni tena, na kazi ya sanaa ni kuturudishia kuona. Mfano wake mashuhuri ni hadithi ya Tolstoy iitwayo Kholstomer, ambamo msimulizi ni farasi, na farasi huyo hafahamu hata kidogo jinsi mwanadamu awezavyo kuiita ardhi kuwa yake ilhali hajapata kuikanyaga. Hakuna jini wala mzimu katika hoja ile ya farasi. Kuna umiliki tu, jambo tulilokulia ndani yake, lakini limewekwa mbele ya jicho lisilolijua. Brecht, Mjerumani wa tamthilia, naye aliitumia fikira inayokaribiana na hiyo jukwaani; kisha Darko Suvin, mzaliwa wa Zagreb aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada, akaifanya msingi wa maelezo yake ya hadithi za kisayansi katika kitabu alichokitoa mwaka 1979. Kwa Suvin, hadithi ya kisayansi ni fasihi ambamo ugeni na utambuzi hukutana: mtunzi huleta jambo moja jipya, ambalo Suvin aliliita kwa Kilatini novum, na ambalo mimi ningeridhika kuliita jadidi, kisha ulimwengu mzima wa kisa hujipanga upya kwa kulifuata jambo hilo kwa njia ambayo akili yaweza kuifuatilia.

Sasa tuiite nini kwa lugha yetu? Wako watakaosema tunalo tayari neno kustaajabisha, au kushangaza. Sikubaliani nao. Mshangao ni hali ya mtazamaji, nao hupita upesi. Mtu hushangaa fataki, kisha akaenda zake. Wengine watapendekeza hurafa, neno lenye tarehe ya kupendeza, maana Waarabu husimulia kwamba Khurafa alikuwa mtu wa kabila la Udhra aliyechukuliwa na majini, akakaa kwao, akarudi na kuwasimulia watu aliyoyaona, nao wasimsadiki, hata jina lake likawa jina la kila kisa kisichosadikika. Lakini hurafa ni jina la namna ya hadithi, na tunachokitafuta ni jina la tendo.

Tendo hilo lugha yetu imekwisha liandalia njia. Kutoka refu tunapata refusha, kutoka fupi tunapata fupisha, kutoka sahihi tunapata sahihisha. Basi kutoka geni tunapata genisha, na jina la kazi hiyo ni ugenishaji. Faida yake kubwa ni kwamba mgeni, katika adabu za mwambao na hata za bara, si adui wala si kioja. Hukaribishwa, huketishwa, huulizwa habari za atokako, na kwa muda ule anapokuwapo wenyeji huiona nyumba yao kwa macho yake, wakagundua jamvi limechakaa na mlango unalia. Ugenishaji ni kumwingiza mgeni wa namna hiyo katika nathari.

Istilahi hujaribiwa kwa kusomea vitabu, nami nitaanza na Shaaban Robert, kwa kuwa sijaona mwalimu bora wa sanaa hii kwa Kiswahili. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951 wakati Tanganyika ikitawaliwa na Waingereza, ni nchi iliyo angani, na jambo la kwanza ambalo mwandishi-msomaji apaswa kulitazama ni uchache wa vitu vya ajabu ambavyo Shaaban Robert amevitia humo. Nchi iko hewani, basi. Lakini ina mfalme, ina mawaziri, ina baraza la hukumu, ina mshitaki aitwaye Majivuno na mshitakiwa aitwaye Karama, na kosa la Karama ni kufundisha elimu ya sheria. Yote hayo msomaji wa Tanga au wa Pangani aliyajua. Kwa kuinyanyua nchi hiyo juu ya ardhi, mtunzi aliigenisha serikali yenyewe, hata mtu akaweza kuuliza, kwa salama na bila kutaja jina la mtawala ye yote, ni kwa insafu gani wajumbe waliotumwa kwenda kuleta maarifa ya nchi nyingine walipwe kifungo waliporejea. Wahakiki wengi wameisoma kama hoja juu ya ukoloni, nami sina shaka nao. Ninaloongeza ni kwamba hoja hiyo isingesimama lau angani kungejazwa farasi wenye mabawa na miti inayosema.

Adili na Nduguze, ya mwaka 1952, hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine, na kwa mwanafunzi wa uandishi naiona ina mafunzo zaidi. Majini wamo, na mji mzima uliogeuzwa mawe umo. Lakini hayo hayatangulii. Kinachotangulia ni mjumbe wa serikali, Ikibali, aliyetumwa na mfalme Rai kwenda kupokea kodi, ambaye usiku anamwona mwenyeji wake, mtu mpole na mwenye sifa njema, akiwapiga manyani wawili. Tazama jinsi mlango ulivyowekwa. Kodi ni jambo la kawaida kupita yote, na fimbo nayo ni ya kawaida; ugeni umo katika kutokupatana kwa tabia ya mtu na tendo lake. Kabla hatujaambiwa lo lote juu ya majini tumekwisha kuwa na swali la haki, na majini watakapokuja watakuja kulijibu. Kisa chenyewe kina nasaba na Alfu Lela Ulela, ila mwenye kukifuata kwa jicho la fundi hatasumbuka kutafuta kilikotoka; atakaa na ule usiku wa Ikibali mpaka aelewe kwa nini umewekwa mwanzo.

Buganda nayo ina shule yake, kongwe kuliko maandishi. Katika kisa chao cha jadi, Kintu na mkewe Nambi waliposhuka kutoka mbinguni kwa Ggulu walionywa wasirudi nyuma kwa hali yo yote, na mmoja wao akarudi kwa ajili ya ulezi wa kuku, na Walumbe, ndiye mauti, akawafuata. Kayikuuzi, kaka yake Nambi, alipotumwa kumkamata Walumbe alimwandama hata kwenye mashimo ya Ttanda, ambayo huonyeshwa hata leo katika upande wa Mityana. Mbingu, mauti mwenye jina, shimo la kujifichia: haya ni makubwa. Lakini bawaba ya kisa kizima ni konzi ya ulezi. Mtunzi yule wa zama aliyajua yote ambayo Shklovsky alikuja kuyaandika, kwani mauti tumeyazoea mno, na kwa kuambiwa kwamba yaliingia duniani kwa sababu ya chakula cha kuku tunayatazama tena kwa uchungu mpya.

Na hapa ndipo ninapoachana na Suvin. Yeye aliitenga hadithi ya kisayansi na hadithi ya mazingaombwe, akidai kwamba ya pili haina utambuzi. Mpaka huo haukai mahali petu. Katama Mkangi katika Walenisi, mwaka 1995, alimrusha Dzombo angani katika chombo kilichokusudiwa kumwua, kikamfikisha kwa watu wa sayari nyingine, na safari hiyo ni ndugu ya dhahiri wa safari za wajumbe wa Kusadikika. Dilman Dila, mzaliwa wa Tororo, katika mkusanyo wake A Killing in the Sun wa mwaka 2014, huyaweka mambo ya mizimu na mambo ya maabara ndani ya jalada moja, wala kitabu hakipasuki. Pumzi, filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, ni ya kisayansi kwa kila kipimo, lakini ina mbegu na mti na ndoto. Swali la mwandishi si kama jadidi yake imetoka kwa mganga au kwa mhandisi, bali kama imemwonyesha msomaji jambo la kwao.

H. G. Wells, katika dibaji ya mkusanyo wa riwaya zake uliotoka miaka ya 1930, alieleza kwamba mtunzi akisha kuweka jambo moja lisilowezekana, yapasa kila kitu kingine kibaki cha kibinadamu na cha kweli. Hilo ndilo tendo la pili, mwenzi wa ugenishaji, nalo halihitaji neno jipya: ni kuzoesha. Hadithi mbovu nyingi nilizopewa nizisome hugenisha kila mstari na hazizoeshi kitu. Mji una jina lisilotamkika, chakula hakijulikani, miezi ni mitatu, na ifikapo sura ya pili msomaji hana pa kuketi.

Kijana anayetaka kujizoeza hana haja ya kwenda mbali. Barabarani hapa, kila baada ya hatua chache, kuna kibanda ambapo mtu humpa mwenye kibanda noti, na kabla hajageuka mama yake aliyeko Gulu amekwisha kuzipokea. Kenya walianza pesa za simu mwaka 2007 na Uganda mwaka 2009, na sasa hakuna azionaye. Basi na aandike habari ya kibanda hicho kama ambavyo mmoja wa wajumbe wa Kusadikika angeitoa mbele ya baraza: asilitaje jina la kampuni wala la chombo, aseme alichokiona tu, kwa mpangilio, mpaka kwenye namba ya siri ambayo mtu huibonyeza huku ameikinga kwa kiganja. Kisha apitie upya na kufuta kila neno linalomwamuru msomaji ashangae.